Nidhamu Haiji kwa Fimbo Tu



Wazee wetu walisema, "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe." Ni kweli. Mtoto asiyekanywa huharibika. Lakini wazee hawakusema mtoto aumizwe. Kukanya ni jambo moja. Kuumiza ni jambo jingine.

Mwezi Oktoba 2016 jambo la aibu lilijulikana mjini Mbeya. Walimu wa mazoezi walimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Mbeya Day. Walimpiga makofi, mateke na fimbo. Picha za video za tendo hilo zilienea nchi nzima. Serikali ilitangaza kuwa walimu hao wamefukuzwa vyuoni mwao. Watu wengi walikasirika. Lakini wako wanaosema, "Watoto wa siku hizi wamezidi. Wapigwe tu." Mimi sikubaliani nao.

Sheria yetu inaruhusu viboko shuleni, lakini imeweka mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema hivi: Kosa liwe kubwa. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi. Viboko visizidi 4. Kila adhabu iandikwe katika daftari: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyechapa.

Kazi ya mwalimu ni ngumu. Akiwa na watoto 80 katika chumba kimoja, kelele haziishi. Mwalimu aliyechoka hushika fimbo upesi. Lakini fimbo haimwambii kwa nini mtoto anakosa.

Tutazame vijijini kwetu, tangu Rungwe hadi Mufindi. Mtoto anaamka alfajiri, baridi ikiwa kali. Anachota maji. Anafukuza nyani shambani. Ndipo anakwenda shule, tena hajala kitu. Anafika amechelewa, anachapwa. Kesho anachelewa tena, kwa sababu kazi za nyumbani ni zile zile. Siku ya tatu anajificha kichakani mpaka wenzake watoke. Utoro huanza hivyo. Hapo mwenye kosa ni nani? Ni sisi wazazi.

Ziko njia nyingine za kutunza nidhamu. Mwalimu na wanafunzi wapatane juu ya kanuni chache tangu siku ya kwanza. Mtoto mwenye kelele akae mbele, apewe kazi ya kugawa madaftari. Anayekosa mara kwa mara, mzazi wake aitwe mapema.

Nasi wazazi tufanye letu. Tupunguze kazi za asubuhi. Tukiitwa shuleni, twende. Tuache kusema, "Mwalimu, mchape tu, nimekupa ruhusa." Ruhusa hiyo si yetu kuitoa. Mipaka imewekwa na sheria.

Zamani wengi wetu tuliogopa mikutano ya shule, kwa kuwa hatukujua kusoma. Leo tunajua. Katika mkutano ujao tuulize kwa heshima, "Mwalimu Mkuu, je, daftari la adhabu linaandikwa?" Mtoto ni wetu, na shule ni yetu.

Maswali ya kujadili

1. Watoto wa kijiji chetu huchelewa shule kwa sababu gani?
2. Kukanya na kuumiza vina tofauti gani?
3. Tutamsaidiaje mwalimu kutunza nidhamu?