Nguvu ya Bunduki ya Upepo Uliitia Wewe

Likizo ya mwisho wa mwaka ikifika, watoto wengi wa Mombasa na Nairobi hupelekwa mashambani kwa babu na nyanya. Mmoja wao, mwanafunzi wa sekondari anayeishi Likoni, ameniandikia kuhusu bunduki ya upepo iliyoko nyumbani kwa babu yake huko Mkongani, Kwale. Tumbili wanatoka msitu wa Shimba Hills na kumaliza mahindi, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuyalinda. Shida yake ni kwamba binamu yake huikoki kwa mpigo mmoja, ilhali yeye huhangaika nayo hadi mikono ikatetemeka. Anauliza: je, springi ikikatwa kidogo bunduki itakuwa nyepesi? Na akitia mafuta ya nazi ndani je?

Maswali hayo mawili yaweza kumgharimu mtu jicho au kidole, kwa hivyo leo nafasi yote ni yake.

Ielewe kwanza zana yenyewe. Bunduki hii haina baruti. Ndani mna springi nene na pistoni, mfano wa pampu ya baiskeli. Unapouvunja mtutu kwenda chini, pistoni hurudi nyuma na kuibana springi mpaka inaswe na kulabu ya kifyatulio. Ukifyatua, springi huisukuma pistoni mbele kwa ghafla, hewa iliyo mbele yake hubanwa, na hewa hiyo ndiyo huirusha chembe ya risasi. Kwa hivyo nguvu yote itokayo mtutuni uliitia wewe kwa mkono wako, tena sehemu kubwa hupotea njiani kwa joto na mtikisiko. Kinachoifikia chembe ni theluthi moja hivi.

Nguvu hiyo hupimwa kwa jouli. Ukiinua pakiti ya sukari ya kilo moja sentimita 10 kutoka mezani, umetumia jouli moja. Bunduki za Kijerumani zenye herufi F ndani ya umbo la pembe tano hazipiti jouli 7.5, na aghalabu hukokiwa kwa mvuto wa kilo 8 au 10. Kule England, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti haifai kupita jouli 16 na kidogo. Hiyo hutaka kilo 13 au 15. Zile kali zaidi hupita kilo 20, sawa na kuvuta mtungi wa maji wa lita 20 kwa mkono mmoja. Kijana anayeishiwa nguvu katikati ya kukoki hana budi kuiacha bunduki hiyo, si kwa aibu, bali kwa sababu mtutu ukimponyoka hurudi kama mtego.

Hapo ndipo vidole huenda. Mtutu ukiwa wazi na springi imebanwa, kifyatulio kikiguswa au kulabu iliyochakaa ikiteleza, mtutu hujifunga kwa kishindo. Chuma hupinda, kitako hupasuka, na kidole kilichokuwa kikitia chembe hupondwa. Katika zile ambazo mtutu haukunjiki, bali zina mkono wa kukokia chini yake, silinda inayoteleza huweza kukata kidole gumba kama kisu. Dawa ni moja: usiuachilie mtutu au mkono huo hata kidogo mpaka chembe iingie na bunduki ifungwe, na kidole cha kufyatulia kikae mbali.

Sasa siri ya binamu. Sidhani ana misuli kukushinda. Tazama anaposhika. Kitako hukiegemeza pajani, mtutu huugonga kwa kiganja ufunguke, kisha huushika karibu na ncha, ambako wenzo ni mrefu, na kuvuta taratibu bila kusita. Ukishika karibu na bawaba utataabika siku nzima. Bila shaka yote hayo hufanywa bunduki ikiwa haina chembe na mdomo wake umeelekea pasipo na mtu.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na kwa wali. Ndani ya silinda ni hatari. Hewa inapobanwa ghafla huwa moto mno, na mafuta yaliyopo huwaka, kama yanavyowaka ndani ya injini ya dizeli isiyo na plagi. Utasikia mlio mkubwa na kuona moshi, ufurahi kwamba bunduki imepata nguvu, kumbe unaharibu kiziba cha pistoni na springi. Vilevile usifyatue bila chembe, maana pistoni hujigonga ukutani pasi na kizuizi.

Kuhusu tumbili nitasema wazi: sipendi kazi uliyopewa ifanywe kwa bunduki hiyo. Jouli 10 hazimuui tumbili papo hapo. Humpeleka msituni na jeraha akafie huko siku kadhaa baadaye, na kundi hurudi kesho. Ndovu wa Shimba Hills atakasirika tu. Bunduki ya G3, ambayo tumeizoea mabegani mwa polisi, hupita jouli 3,000. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kumuua mnyama wa pori bila kibali ni kosa. Mkongani imepakana na hifadhi, kwa hivyo hapana pa kujificha. Debe la kupigwa na watoto wawili macho, wakiwa zamu alfajiri, litafanya kazi. Na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutazama mtutu wowote unaoweza kuua. Babu aulize kituo cha polisi kama anahitaji cheti, kabla hajaulizwa yeye.

Ikiwa ni kulenga shabaha, tundika kopo mbele ya kichuguu au gunia la mchanga, wala si mbele ya mnazi au jiwe, kwani chembe hurudi. Ikikosa kizuizi husafiri mita 200 na zaidi, nayo njia za Mkongani zina watoto. Jicho hutobolewa na mwendo mdogo kuliko unaotoboa ngozi. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, maana chembe hizo ni risasi, madini yenye sumu.

Na springi? Usiikate. Hata bunduki isipokokiwa, imebanwa humo ndani kwa nguvu ya kilo nyingi, na anayefungua kifuniko cha nyuma bila jiriwa huipokea usoni. Mpelekee fundi wa bunduki aliye na leseni.