Mafuta ya Ndege na Yasafishwe Kwetu

Sisi tukaao Kigali twaziona ndege zikishuka Kanombe kila siku. Mafuta yanayouzwa nchini mwetu huja kwa malori kutoka bandari za mbali, Dar es Salaam na Mombasa. Sasa wataalamu wameonyesha kwamba mafuta ya ndege yaweza kutengenezwa kwa mimea. Naona ni jambo jema, ila nina neno moja: kiwanda cha kuyasafisha hakina budi kuwa Afrika ya Mashariki.

Tazameni Kenya. Mwaka 2022 kampuni ya Kitaliani iitwayo Eni ilifungua kiwanda Makueni cha kukamua mbegu za mbarika na pamba. Mashudu ya pamba hulishwa mifugo, na mafuta hupakiwa melini kwenda Gela, Italia. Mwezi Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka toka Nairobi hadi Amsterdam ikitumia mafuta endelevu yaliyochanganywa na ya kawaida. Ni jambo la kujivunia. Lakini mafuta hayo yalisafishwa Italia. Mkulima hupata bei ya mbegu. Ujira wa fundi na faida ya kusafisha hubaki ng'ambo. Ndivyo tulivyofanya na pamba: tuliuza marobota, tukanunua nguo.

Wengine watasema kazi hiyo yatushinda. Nawajibu: tazameni Kakira, karibu na Jinja, Uganda. Pale miwa hutoa sukari, makapi yake huchomwa kutoa umeme, na molasi hugeuzwa spiriti. Hakitupwi kitu. Na spiriti yaweza kuwa mafuta ya ndege: huondolewa maji, chembe zake huunganishwa kuwa minyororo mirefu, kisha huongezwa haidrojeni. Mafuta ya namna hii yalikubaliwa mwaka 2018, mradi yasizidi nusu ya mchanganyiko. Tumebakiza hatua hiyo tu.

Je, kiwanda hicho kitakula nini? Hesabu ya mwaka 2022 ilipata Wanyarwanda zaidi ya milioni 13 katika kilometa za mraba 26,338. Shamba la maharagwe lisigeuzwe la mbarika. Kisarawe, Tanzania, kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ipande mbono. Mwaka 2011 kazi ikasimama, wanakijiji wakabaki bila ardhi wala ajira. Basi tutumie makapi na molasi. Na kwa kuwa miwa ya Kabuye peke yake haitoshi, nchi za Jumuiya ziungane, zijenge kiwanda kimoja.

Ndugu zetu mliokwisha hitimu, mlio serikalini na katika biashara, lisemeni jambo hili mabarazani. Nasi tulio darasani tushike kemia kwa bidii, maana kiwanda bila mafundi ni mabati tu. Mwenye maoni mengine na aandike, tumsome.