Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali huwa ghali

KABLA jua halijachomoza, wafanyabiashara wadogo wa nyanya, vitunguu na hoho huwa wameshafika soko la Ilala, jijini Dar es Salaam, kugombea matenga yaliyoshushwa usiku kutoka Iringa, Morogoro na Lushoto. Wengi wao hawalali Ilala. Wanatoka Chamazi, Chanika, Bunju na maeneo mengine ya pembezoni, na wakishapata mzigo wao wanaanza safari ndefu ya kuurudisha huko huko walikotoka.

Mkulima wa Ilula anayelalamika kwamba bei ya shambani ni ndogo, na mlaji wa Chamazi anayelalamika kwamba bei ya gengeni ni kubwa, wote wawili wana haki. Sehemu ya fedha inayopotea kati yao huishia katika foleni, nauli, malipo ya bodaboda na nyanya zilizopondeka njiani. Kwa hiyo mjadala wa makazi, usafiri na usalama wa barabara za jiji si wa wapanga miji peke yao. Unagusa mfuko wa kila anayelima, anayeuza na anayenunua.

Tatizo ni kwamba mambo haya matatu hudaiwa kila moja kivyake. Wanaotaka nyumba hwenda kwa mamlaka za ardhi, wanaotaka mabasi hulalamikia wasafirishaji, na wanaotaka matuta barabarani husubiri mtoto agongwe ndipo wafunge njia kwa mawe na matairi. Matokeo yake kila kundi hupata nusu ya kile lilichotaka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mfanyakazi anayetumia shilingi 2,000 kwa siku kwenda na kurudi kazini, kwa siku 26 za kazi, hutumia shilingi 52,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 624,000 kwa mwaka. Kama chumba cha pembezoni kina pango dogo kuliko cha mjini kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, basi mtu huyo hakuokoa kitu. Amepoteza shilingi 12,000 kila mwezi, na bado hazijahesabiwa saa anazosimama kituoni. Familia ikiwa na wawili wanaokwenda kazini, hasara inakuwa kubwa zaidi.

Jiji lenyewe limekua mno. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Katika miaka 20 idadi imeongezeka zaidi ya maradufu, na sehemu kubwa ya watu hao wamekwenda nje, mahali palipokuwa na minazi, mikorosho na mihogo. Jiji linapotanuka namna hiyo linakula mashamba yaliyokuwa jirani na soko, na wakati huo huo linamsogeza mfanyakazi mbali na kibarua chake.

Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulikuwa na nia njema ya kuzuia ujenzi holela. Viwanja vilipimwa Bunju, Toangoma, Buyuni na kwingineko, na maelfu ya watu wakapata hati. Hata hivyo, maji, barabara na mabasi havikufika pamoja na hati hizo, na viwanja vingi vilikaa miaka kadhaa bila nyumba. Hati ya kiwanja ni mali, lakini haimpeleki mtu kazini.

Mfano mwingine ni wa wakazi wa Kurasini waliolazimika kuhama mwishoni mwa muongo wa 2000 ili kupisha upanuzi wa bandari. Baadhi yao, wengi wakiwa wapangaji ambao hawakuwa na nyumba ya kulipwa fidia, walijiunga katika vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Watu Maskini Mijini, wakanunua ardhi Chamazi na kuanzisha ushirika wa nyumba. Wanachama walijifunza kufyatua matofali wenyewe ili kupunguza gharama. Kazi hiyo inastahili sifa, kwa kuwa inaonyesha kwamba mtu wa kipato kidogo akijipanga anaweza kumiliki nyumba bila kusubiri hisani.

Lakini ardhi waliyoimudu ilikuwa mbali na bandari, mahali walipozoea kupata vibarua na kuuza chakula. Walipata paa, lakini riziki ilibaki Kurasini. Hilo si kosa la wanachama wa ushirika. Ni kosa la utaratibu unaomwachia maskini ardhi ile tu ambayo basi halijaifikia.

Upande wa pili kuna Magomeni Kota. Wakazi wa nyumba za zamani za hapo walibomolewa na kutawanyika, lakini hawakukubali kusahauliwa. Waliendelea kujitambulisha kama kaya 644, wakiwa na orodha yao na viongozi wao, na waliendelea kudai. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe nyumba mahali pale pale, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua nyumba hizo 644 za ghorofa zilizojengwa na Wakala wa Majengo.

Jambo la kuzingatia ni mahali zilipo. Ziko Magomeni, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, inakopita njia ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi Mei 2016. Mkazi wa hapo anaweza kufika Kariakoo kwa basi moja, na siku asipokuwa na nauli anaweza kutembea. Eneo lililokuwa na nyumba za chini sasa lina makazi ya ghorofa, na hakuna shamba hata moja la Chanika lililoliwa ili kuwapata nafasi.

Hilo ndilo somo ambalo wakazi wa mitaa mingine wanapaswa kulichukua. Nyumba zijengwe kwa wingi pale ambapo basi linafika, na basi lipelekwe pale ambapo watu tayari wanaishi.

Bado kuna mguu wa tatu wa jiko, nao ni usalama wa mwenda kwa miguu. Kila abiria wa daladala au mwendokasi ni mtembeaji kwa miguu kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Kituo kizuri kisicho na njia ya kukifikia ni sawa na duka lisilo na mlango. Mama mwenye tenga kichwani anayelazimika kuvuka barabara ya njia nne bila kivuko hana usafiri bora, hata kama basi lenyewe lina kiyoyozi.

Hapa gharama si kisingizio. Shirika la Amend limefanya kazi katika maeneo ya shule za msingi jijini Dar es Salaam, likianza kwa kutambua ni shule zipi watoto wake hugongwa zaidi. Kilichofanyika ni vitu vya kawaida: matuta, njia za waenda kwa miguu, vivuko, alama na nguzo za kuzuia magari, na pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Utafiti ulionyesha kwamba watoto wanaojeruhiwa walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, nao umekuwa ukidai njia salama za baiskeli, chombo ambacho muuza samaki na fundi wengi hukitegemea kwa kuwa hakili mafuta.

Wapo wanaopinga. Madereva husema matuta yanachelewesha safari na kuharibu magari. Ni kweli kwamba tuta lililowekwa kiholela ni kero, lakini dakika chache za dereva haziwezi kupimwa na mguu wa mtoto. Wenye nyumba za zamani huhofu kwamba neno ghorofa ni njia ya kuwaondoa, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa ghorofa nyingi za Kariakoo zimejaa maduka na stoo badala ya familia za kipato kidogo. Aidha, jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu liliwakumbusha wote kwamba kujenga kwenda juu bila ukaguzi ni hatari.

Majibu ya hofu hizo yapo katika masharti. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo la ghorofa na kuwa na hati yake. Kwa hiyo mwenye kiwanja Ilala, Temeke au Manzese anaweza kuingia ubia na mjenzi akabaki na sehemu zake, badala ya kuuza na kukimbilia pembezoni. Halmashauri inaweza kudai kwamba wapangaji wa awali wahesabiwe kabla ya kubomoa, kama kaya za Magomeni zilivyohesabiwa, na kwamba ukaguzi wa jengo ufanyike kweli, si kwenye karatasi.

Masharti hayo hayatakuja yenyewe. Mkutano wa wakazi wa mtaa ni chombo halali cha kuyadai, lakini mara nyingi huhudhuriwa na wachache, tena wakati wa ugomvi wa mpaka. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Anayepeleka ombi la kivuko mwezi Mei anaambiwa bajeti imefungwa, na anaambiwa ukweli. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na zile kubwa ziko chini ya TANROADS, hivyo barua inayokwenda kwa asiyehusika hupotea bure.

Kamati ya mtaa yenye daftari la ajali za mwaka mmoja, ramani ya njia wanazopita wanafunzi, na hesabu ya nauli za kaya 100 ina nguvu kuliko wananchi 1,000 wanaochoma matairi. Daftari hilo likionyesha kwa pamoja mahali pa kivuko, kituo na viwanja vinavyofaa kwa ghorofa, diwani hatakuwa na pa kujificha.

Siku hesabu hizo zitakapopelekwa mapema na kwa sauti moja, mchuuzi wa nyanya atalala karibu na soko lake, na bei ya gengeni itapungua kile kilichokuwa nauli. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachovuja kwenye nauli hakijai hata kikimiminiwa kutwa.