Kikoa, nywila na mlango wa nyuma

Nilipofika Nanyuki hivi majuzi sikukusudia hata kidogo kuandika juu ya kompyuta. Nilikuwa nimealikwa na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili viungani mwa mji huo, nizungumze na watahiniwa kuhusu isimujamii. Mlima Kenya ulikuwa umekwisha kujifunika mawingu, kama ilivyo desturi yake alasiri, tulipomaliza mazungumzo na kupelekwa kuiona maabara ya kompyuta, fahari ya shule hiyo.

Mlangoni palibandikwa tangazo lenye maneno makali. Kila mtumiaji, lilisema, sharti awe na nywila isiyopungua herufi 12, yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Shule ilikuwa imemlipa mtaalamu kutoka mjini aje kuitia kanuni hiyo mitamboni. Nikampongeza mwalimu mkuu. Lakini kijana anayesimamia maabara, alipotaka kutuonyesha ramani fulani, aliketi mbele ya kompyuta ya kwanza, akaandika jina la shule kwa herufi ndogo tupu, na mashine ikafunguka. Akaenda ya pili, akaandika lilo hilo, nayo ikafunguka. Nilipomuuliza kanuni ya mlangoni iko wapi, alijibu kwa adabu, "Mwalimu, hiyo ni ya wale wengine. Hii ni akaunti ya mashine yenyewe."

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, kwa sababu naamini lina siri ya jambo linalotuhusu sote. Maisha ya mwalimu na mwanafunzi wa Kenya sasa yanapita katika tundu la nywila. Huduma za serikali zimekuwa zikihamia eCitizen tangu 2014. Mwanafunzi hutafuta nafasi ya chuo kupitia KUCCPS na mkopo kupitia HELB. Mwalimu hutathminiwa kupitia mfumo wa TPAD, ulioanzishwa na Tume ya Huduma za Walimu mwaka 2016. Kila mahali tunaamriwa tutunge nywila ngumu. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: kanuni hizo humfunga nani, na mipaka yake ni ipi?

Hebu tuanze na neno lenyewe. Wataalamu wa istilahi wamelichagua neno kikoa kutaja kundi la kompyuta na watumiaji walio chini ya mamlaka moja. Nadhani walichagua vyema. Kikoa, katika Kiswahili cha wazee wetu, ni ushirika wa kula: leo anapika huyu, kesho yule, na wote hukaa kwenye sinia moja. Anayekula kikoa hufuata taratibu za kikoa. Akirudi kwake jioni, ana jiko lake na mlango wake, na jirani hamwamulii atie chumvi kiasi gani.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta zitumiazo Windows. Akaunti ya kikoa imeandikwa katika daftari kuu lililomo ndani ya seva, na mwenye akaunti hiyo aweza kuingia katika kompyuta yoyote ya kikoa anayoruhusiwa. Akaunti ya ndani imeandikwa katika kompyuta moja tu, nayo haijulikani kwingineko. Kanuni ya nywila kwa akaunti za kikoa husomwa mahali pamoja tu, yaani kileleni mwa kikoa chenyewe. Mtaalamu wa mjini, kama nilivyokuja kufafanuliwa, hakuiweka huko. Aliitundika kwenye tawi la daftari alilolipa jina la maabara, akidhani kwamba kila atakayeingia maabara atabanwa nayo. Kumbe kanuni iliyotundikwa tawini haizigusi kamwe akaunti za kikoa. Huzigusa akaunti za ndani za kompyuta zilizomo katika tawi hilo, basi. Walimu na wanafunzi waliotishwa na tangazo la mlangoni hawakuwa wamebanwa na lolote.

Msomaji makini atauliza: ikiwa kanuni iliziangukia akaunti za ndani, mbona ile nywila ya herufi ndogo tupu iliendelea kufanya kazi? Kwa sababu kanuni ya urefu na ugumu hukagua nywila wakati inapotungwa au kubadilishwa. Haiendi nyuma kuzihukumu zilizokwisha kuwapo. Aidha, akaunti yaweza kutiwa alama kwamba nywila yake haiishi muda, na kwa alama hiyo ikakwepa tarehe ya kubadilishwa miaka nenda miaka rudi. Hiyo ndiyo hali tuliyoikuta.

Hata kanuni ikiwekwa mahali pake, kileleni, ina mipaka. Itazifunga akaunti za kikoa, na itateremka hata kwenye akaunti za ndani za kompyuta zilizojiunga, ila pale ambapo tawi limepewa kanuni yake. Lakini kompyuta ambayo haikujiunga, kama ile ya msaada iliyoketi ofisini mwa mhasibu, haisikii amri hiyo. Kikoa kikianzishwa, kanuni ya kawaida hudai herufi 7 na mchanganyiko wa aina zake. Kompyuta iliyo peke yake, kwa kanuni zake za awali, hukubali hata nywila isiyo na herufi yoyote. Isitoshe, tangu Windows Server 2008 inawezekana kumpa mhasibu kanuni kali kuliko ya wanafunzi ndani ya kikoa kimoja, lakini kanuni hizo hupewa watu na makundi ya watu, si vyumba.

Sasa naomba ruhusa niseme kama mwanaisimu. Kanuni hizi hutazama umbo, hazijui maana. Chukua nywila hii: Nanyuki2024! Ina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Ihesabu, utapata 12 kamili. Imetimiza kila sharti la tangazo la mlangoni, na mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza aweza kuibahatisha kabla ya kengele ya chai. Ukimlazimisha mwenyewe aibadilishe, ataandika Nanyuki2025! na kuendelea na kazi zake. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwongozo wa mwaka 2003 uliochangia kuieneza kanuni ya kuchanganya alama na kubadilisha kila mara, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Mwaka huohuo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza kubadilisha nywila kwa tarehe maalumu bila ya sababu, ikahimiza urefu na kuzikataa nywila ambazo tayari zinajulikana.

Lugha yetu nayo ina tabia yake. Claude Shannon alionyesha mwaka 1951 jinsi herufi inayofuata katika maandishi ya Kiingereza inavyoweza kukisiwa kutokana na zilizotangulia. Katika Kiswahili, ambamo silabi nyingi huishia na irabu, mkisiaji amepunguziwa kazi: akikwisha kuipata konsonanti, yanayoweza kufuata ni machache. Neno moja la Kiswahili, hata liwe refu, si ngome. Methali nayo si ngome, maana kila mtu anaijua. Lakini maneno manne yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kura kutoka orodha ya maneno 5,000, hutoa michanganyiko trilioni 625. Mtoto huyakumbuka kwa kuyatungia kisa cha kuchekesha, na mashine hutaabika nayo.

Nitaambiwa kwamba haya ni makubwa mno kwa shule ndogo. Nani wa ng'ambo ahangaike na maabara ya Nanyuki? Hoja hiyo inasahau historia. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, mtafiti wa uzamifu aitwaye Allan Scherr aliiagiza kompyuta imchapie orodha nzima ya nywila, ili apate saa zaidi za kuitumia. Hakutoka mbali. Alikuwa mwanafunzi wa palepale, mwenye haja na muda. Mvunjaji wa nywila shuleni mwetu naye huenda ameketi mstari wa tatu, na haja yake ni alama za mtihani wa muhula.

Kutoka shuleni tulishuka mjini, na huko nikaona mpaka mwingine wa kanuni, ambao hakuna seva iwezayo kuulinda. Katika duka moja la kompyuta, au saiba kama tunavyoliita, palikuwa na daftari la kurasa zilizokunjika. Ndani yake yameandikwa majina ya walimu, nambari zao za kazi na nywila zao. Wenyewe hupita Jumamosi, huacha shilingi chache, na kijana wa dukani huwajazia fomu za tathmini. Mwenzangu alinionyesha jina lake humo, akacheka kwa haya.

Sikumlaumu, wala siwalaumu walimu wenzangu. Mwalimu mwenye mtandao wa kukatikakatika, asiye na kompyuta nyumbani, anayedaiwa fomu ifikapo tarehe fulani, hana njia nyingi. Lakini tujue tunachokitoa. Nywila ni sahihi. Anayeijua hutenda kwa jina lako, na mashine haitatofautisha. Mwaka 2015, katika sakata ya fedha za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, mzozo mzito ulizuka kuhusu nywila ya afisa mwandamizi iliyodaiwa kutumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo ya mamilioni katika mfumo wa fedha za serikali, IFMIS. Taifa zima likabaki likijiuliza: ni nani aliyebonyeza? Mwalimu ambaye nywila yake imo daftarini mwa saiba atalijibuje swali hilo siku litakapomfika yeye?

Sheria ya nchi inayo maneno yake. Ile ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu kuwa kosa kufichua nywila bila ya idhini, na ile ya mwaka 2019 ya kulinda data inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Hata hivyo, sheria ya Bunge na kanuni ya seva zinafanana kwa hili: zote mbili huishia pale mamlaka yake yanapoishia, na zote mbili huhitaji mtu wa kuzitekeleza.

Basi la kufanya si kubandika tangazo kali zaidi. Kwanza, kila shule iorodheshe akaunti zake, za kikoa na za ndani, na iulize kwa kila moja ni kanuni gani inayoifunga. Pili, nywila ya msimamizi isiwe moja katika mashine zote, kwa maana ikijulikana ya moja zimejulikana zote. Tangu 2015 kampuni ya Microsoft imetoa zana iitwayo LAPS ambayo huipa kila kompyuta ya kikoa nywila yake ya msimamizi na kuibadilisha yenyewe. Tatu, zile za zamani zibadilishwe kwa mkono siku kanuni mpya inapoanza, kwa kuwa kanuni haitaziamsha. Nne, wale wanaotudai fomu watupe pia chombo cha kuzijazia: chumba kimoja chenye kompyuta na mtandao katika kila eneo, ambamo mwalimu ataketi na kuandika nywila yake kwa vidole vyake mwenyewe.

Na sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba neno lina umbo na lina maana, na kwamba umbo pekee halitoshi. Somo hilo sasa lina matumizi mapya. Kabla sijapanda matatu ya kurudi, mwenzangu alirejea saibani, akaomba kuketi kwenye kompyuta, akaibadilisha nywila yake bila ya kumwambia mtu. Kisha akaliomba daftari, akafuta jina lake kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani. Majina mengine yalibaki humo.