Usiyamwage Maziwa

“Hayo ni magonjwa ya Wazungu.” Kataa kikombe cha maziwa ya moto kwenye mgahawa pale Mtowisa, bondeni Rukwa, useme yanakuvuruga tumbo, na hilo ndilo jibu la kwanza utakalopewa. Ukweli umekaa kinyume kabisa. Wazungu wa kaskazini mwa Ulaya ni miongoni mwa wachache wanaokunywa maziwa freshi hadi uzeeni bila tatizo. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani uwezo huo umewapungua.

Maziwa yana sukari yake, laktosi. Ili iingie kwenye damu, lazima ikatwe vipande viwili na kimeng’enya kiitwacho laktezi, kinachotengenezwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi kinapungua mwaka hadi mwaka. Sukari isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaoila wanatoa gesi. Ngurumo, kujaa tumbo na kukimbilia chooni vyote vinatoka hapo. Mwili unaofanya hivyo haujaharibika. Ndivyo miili mingi ya wanadamu ilivyo.

Kauli ya pili hutoka kwa wazee wenye mifugo, nayo ina uzito. “Mwanangu, sisi tumekulia zizini, maziwa yatatudhuru vipi?” Bonde la Rukwa, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, limejaa ng’ombe wa Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na mzee anayesema hivyo huenda hajawahi kuumwa tumbo kwa maziwa maisha yake yote. Sayansi inamuunga mkono, kwa kiasi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Genetics utafiti wa watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Njia ilikuwa rahisi: unanywa maji yenye gramu 50 za laktosi, kisha unachomwa kidole mara kwa mara kuona kama sukari ya damu inapanda. Ikipanda, laktezi unayo. Waligundua kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayoifanya laktezi iendelee kutengenezwa ukubwani, tofauti na yale ya Ulaya, na kwamba yameenea katika miaka elfu saba hivi iliyopita.

Lakini utafiti huohuo unamkatalia mzee pale anapotaka kumhukumu mjukuu wake kwa kabila. Wahadzabe hawafugi, wanawinda na kuchimba mizizi, na bado karibu nusu ya waliopimwa waliimeng’enya laktosi. Na miongoni mwa wafugaji walikuwapo ambao sukari yao haikupanda. Zizi la babu si cheti. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuketi mbele ya kata moja, mmoja akanywa akalala usingizi, mwingine akakesha.

“Yachemshe vizuri tu.” Chemsha, tena usiache kamwe, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng’ombe. Ila moto wa jikoni unaua vimelea, hauondoi laktosi. Maziwa ya pakiti nayo ni yaleyale. Maziwa ya unga ndiyo usiseme: zaidi ya theluthi ya uzito wake ni laktosi.

“Kunywa ya mbuzi.” Yana laktosi pungufu kidogo mno. Tumbo halitaona tofauti.

Ushauri unaonikera kuliko wote ni ule unaotolewa kwa huruma: “Basi achana na maziwa kabisa.” Mtu anayependa maziwa akiambiwa hivyo huacha wiki mbili, kisha siku moja anajilipiza kwa lita nzima, anaumwa, na wote wanasema si tulikwambia. Kosa liko kwenye kuyafanya maziwa yote kuwa kitu kimoja, na kuifanya hali hii kuwa ya ndiyo au hapana wakati ni suala la kiasi. Robo lita ya maziwa ya ng’ombe ina laktosi gramu 12 hivi. Mwaka 2010 mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilihitimisha kwamba wengi wa wenye hali hii huweza kumudu kiasi hicho kwa mkupuo bila dalili, au na dalili ndogo, na jopo la wataalamu lililoitishwa Marekani mwaka huo lilisema karibu hivyohivyo. Zile lita 200 za maziwa kwa mtu kwa mwaka ambazo Bodi ya Maziwa huzitaja kuwa kiwango kinachopendekezwa, ukizigawa kwa siku, ni zaidi kidogo ya nusu lita. Ukiinywa yote alfajiri tumbo likiwa tupu, utajuta. Ukiigawa, nusu kikombe kwenye chai na nyingine pamoja na chakula, hadithi inabadilika, maana chakula kinachelewesha maziwa kutoka tumboni na laktezi kidogo uliyonayo inapata muda wa kufanya kazi.

Halafu kuna mgando, ambao watu wa bondeni wanao tayari na hawaudhanii kuwa ni tiba. Chemsha maziwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia kijiko cha mgando wa jana, funika. Kwa joto la Mtowisa kesho yake yameshika. Huko juu Sumbawanga, kwenye baridi, utasubiri zaidi. Ukali unaousikia ulimini ni sehemu ya laktosi iliyogeuzwa asidi. Inamisha chombo taratibu: maji ya kimanjano yanajitenga na pande jeupe. Laktosi huyeyuka majini, kwa hiyo ukiyamimina maji hayo umeimwaga nyingine tena. Na bakteria walio hai kwenye mgando huja na kimeng’enya chao, wakaendelea kukusaidia ndani ya utumbo. Ndiyo maana usiuchemshe tena ukishaganda. Ugali kwa mgando, kwa mtu wa hali yetu, ni mlo wenye akili kuliko kikombe cha maziwa ya moto usiku. Samli haina laktosi ya kuhesabu, na jibini ngumu iliyokomaa ina chembe tu.

Wapo pia wanaoapa kwamba hata tone linawaua. Mwaka 1995 Suarez, Savaiano na Levitt waliwachukua watu 30 wa aina hiyo nchini Marekani, wakawapa glasi moja kila siku, kwa kipindi fulani maziwa ya kawaida na kwa kipindi kingine yaliyokwisha kukatwa laktosi, bila wenyewe kujua yapi ni yapi. Malalamiko yalikaribia kulingana. Wengine, walipopimwa, walikutwa wanameng’enya laktosi bila shida yoyote. Maumivu yalikuwa ya kweli. Mshtakiwa ndiye aliyekuwa si yeye.

“Lazimisha, utazoea.” Hapa nawapa nusu ya alama. Laktezi hairudi kwa ubishi, lakini bakteria wa utumbo mpana wanaweza kubadilika kwa wiki kadhaa za kunywa kidogokidogo kila siku, na gesi ikapungua. Kidogokidogo, nasema, si lita moja kwa kukaza meno.

Kuhusu mifupa, anayedai bila maziwa itaoza amesahau Ufipa ilikula nini kabla mahindi hayajatawala. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300. Maziwa ya uzito huo yana 120 hivi. Haiingii yote mwilini, kwa sababu ulezi una viambato vinavyoishikilia, na kuuotesha kabla ya kusaga huvipunguza. Dagaa wa Tanganyika wanaoliwa na mifupa yao nao wamo. Mchicha una kalsiamu pia, ila mwili hupata sehemu ndogo tu.

Kauli iliyobaki ndiyo ya hatari: “Ukiharisha, ni maziwa hayo.” Bonde la Rukwa limewahi kukumbwa na kipindupindu, na aliyekunywa maziwa jana akaharisha maji leo bila kukoma hapaswi kukaa nyumbani akilaumu kikombe. Damu kwenye choo, homa, kukonda, au kuharisha kunakokuamsha usiku si dalili za laktosi. Kuwashwa mwili, kuvimba midomo na kubanwa pumzi mara baada ya kunywa ni mzio wa protini za maziwa, jambo jingine kabisa, na huyo hata mgando haumfai. Nenda kituo cha afya. Na kama ni ngurumo na gesi tu, acha maziwa yote kwa wiki mbili, kisha kunywa glasi moja asubuhi kabla ya kula uone kama zinarudi, ukiwa nyumbani, siku usiyokuwa na safari ya kupanda basi la Sumbawanga.