Joto la Prosesa Lisisingiziwe Jua la Shinyanga

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita imekuwa desturi kuilaumu hali ya hewa kila kompyuta inapozimika yenyewe wakati wa alasiri. Kijana aliyenunua vipande vyake kimoja kimoja, ubao mkuu huku, prosesa ya mtumba kule, akaviunganisha nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, huambiwa kwamba mitambo ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Walimu nao aghalabu hulikubali neno hilo, na shule huanza kufikiria kununua kiyoyozi. Hoja hiyo ina ukweli kidogo na upotofu mwingi, na upotofu wake ni wa gharama.

Chanzo cha fikira hiyo si vigumu kukiona. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo nchini, marufuku iliyolegezwa miaka mingi baadaye. Katika zama hizo kompyuta ilikuwa mtambo mkubwa uliojengewa chumba chake, na chumba hicho kilipozwa mchana na usiku. Watu wakazoea kuona kwamba penye kompyuta hapana budi pawe na baridi. Siku hizi mashine imekaa juu ya meza chini ya paa la bati, lakini mazoea ya kale hayajaondoka.

Yafaa basi hesabu ifanywe. Prosesa haifanyi kazi ya kusukuma wala kuinua kitu. Umeme wote inaoula hugeuka kuwa joto. Chukua mfano wa prosesa ya wati 65 iliyofungiwa mapezi ya alumini na feni, na tuseme kila wati moja huipandisha prosesa nusu nyuzi juu ya hewa inayoizunguka. Wati 65 zitaipandisha nyuzi 32.5. Hewa ndani ya kasha, tuseme, imezidi ile ya chumbani kwa nyuzi 6. Katika chumba chenye nyuzi 22 za Sentigredi prosesa itafika nyuzi 60.5. Ihamishie Shinyanga alasiri ya mwezi Oktoba, chumba kikiwa na nyuzi 34, nayo itafika nyuzi 72.5. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani huvumilia hadi karibu nyuzi 95 au 100 kabla hazijaanza kujipunguzia kasi. Jua la Shinyanga, kwa hiyo, limechukua nyuzi 12 tu, na akiba ya zaidi ya nyuzi 20 bado ipo.

Sasa acha vumbi lizibe mapezi hayo mpaka kila wati ipandishe nyuzi nzima badala ya nusu. Hesabu inakuwa 34 na 6 na 65, jumla nyuzi 105. Hapo ndipo mashine hupunguza kasi, na ikishindwa, hujizima. Vumbi limeongeza nyuzi 32.5, karibu mara tatu ya yale yaliyoongezwa na jua. Kiyoyozi kidogo chenye kula wati 800 hadi 1,000, yaani sawa na kompyuta 8 au 10 za wati 100 kila moja, kitazirudisha zile nyuzi 12, na hizo 32.5 kitaziacha palepale.

Jambo moja dogo ni halali kuihesabia nchi yenyewe. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, husukuma hewa pungufu kwa uzito, na hivyo huondoa joto pungufu. Ni tofauti ya kukumbukwa tu, si ya kutisha.

Kuhusu vumbi, sehemu hizi hazina wa kushindana nazo kwa urahisi. Kiangazi udongo wa mbuga uliokauka hupeperuka pamoja na changarawe za barabarani, na kandokando ya Geita na Kahama makarasha ya wachimbaji wadogo husaga mawe yenye dhahabu, mengi yake yakiwa ya kwatsi. Unga wa kwatsi ukijaa katika mapezi huzuia hewa kupita, na ukiingia katika bereni za feni huzikwangua. (Unga huohuo ukiingia katika mapafu ya mtu huleta ugonjwa wa silikosisi usio na tiba. Afadhali kompyuta elfu zife kuliko kijana mmoja anayesaga mawe bila kuziba pua.)

Dawa inayopendwa na wengi ni kung'oa ubavu wa kasha na kuielekeza feni ya chumbani ndani yake. Siku ile ya kwanza joto hushuka kweli, na mwenye mashine hufurahi. Lakini feni hiyo hukusanya vumbi la chumba kizima na kulimimina juu ya ubao mkuu, na baada ya miezi michache hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Tena feni haipozi hewa. Kipimajoto kikavu kikiwekwa mbele ya feni husoma vilevile kama feni ikizimwa. Maji ya mtungi hupoa kuliko chumba kwa sababu yanavukiza. Mapezi ya alumini hayavukizi kitu, na hayawezi kamwe kushuka chini ya joto la hewa iliyopo.

Wachimbaji wenyewe wanalijua somo hili kuliko mafundi wengi wa kompyuta. Duara refu halikaliki mpaka lipelekewe hewa kwa bomba, na hewa hiyo iwe na njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Kasha la kompyuta nalo ni hivyo. Hewa iingie mbele kwa chini na itoke nyuma kwa juu, na feni za kuingiza zizidi kidogo zile za kutoa, ili hewa ivuje kwenda nje katika kila upenyo badala ya vumbi kunyonywa ndani. Mlango wa kuingilia ufunikwe kwa kipande cha soksi nyepesi ya nailoni, kifuliwe kila baada ya majuma machache. Gharama yake ni ndogo mno.

Kwa mashine za mtumba kuna ile pesti ipakwayo kati ya prosesa na alumini. Ikikauka, hewa huingia katika nyufa zake, na hata pesti duni hupitisha joto zaidi ya mara 30 kuliko hewa. Ifutwe na ipakwe mpya, kiasi cha punje ya mbaazi. Anayedhani kwamba nyingi ndiyo bora hukosea, maana alumini hupitisha joto kupita pesti yoyote. Wako pia watumiao dawa ya meno, hukauka upesi.

Kuna hatimaye suala la majivuno. Vijana hupenda kuisukuma prosesa izidi kasi iliyopangiwa, hali Intel yenyewe mwaka 2004 iliacha mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa kuwa joto lilikwisha kuifanya njia hiyo ya kuongeza kasi kuwa ghali mno. Sehemu kubwa ya umeme unaoliwa na prosesa hulingana na kasi ya mapigo yake ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Punguza kasi kwa sehemu moja ya kumi, na volteji vivyo hivyo, palipo na nafasi ya kuvirekebisha: 0.9 mara 0.9 mara 0.9 ni 0.729. Zile wati 65 zinakuwa kama 47, na mwandikaji wa barua au mchoraji wa grafu hatatambua kwamba kuna kilichopungua. Kwa shule yenye mashine moja tu, kasi hiyo ndogo ndiyo mali.

Laiti walimu wa fizikia wangeacha kufundisha mpitisho na msafara wa joto kwa kuchora birika ubaoni tu, hali kompyuta ya shule imelala kabatini kwa kudhaniwa mbovu. Izimwe, ichomolewe umeme, ifunguliwe nje ya darasa, wanafunzi wakiwa wamefunika pua, isafishwe kwa brashi laini na mapanga ya feni yakishikwa yasizunguke. Programu za bure zipo za kuonyesha joto la prosesa. Wanafunzi waipe mashine kazi ileile, waandike joto la prosesa na joto la chumba, watoe moja kwa jingine, kabla ya kusafisha na baada yake, kisha kila mwezi. Chumba kikipata joto, tofauti hiyo hubaki karibu palepale. Ikipanda, ni wakati wa kuchukua brashi tena.