Staa Kulipia Nyonga za Mbwa: Povu la Nini?

Wadau, wiki hii povu limemwagika kweli kweli. Staa mmoja wa kike (simtaji, mnamjua) kaposti mbwa wake mzee kalazwa mezani anapigwa eksirei ya nyonga, akaandika kwamba analipia matibabu ya viungo. Basi! Komenti zikaanza: "hela zimemzidi", "watu hawana hata panadol", "kiki hiyo".

Mimi niko upande wake.

Huyo mbwa tunamjua wote. Kapigwa naye picha miaka na miaka, na nyie nyie mlikuwa mnalaiki. Sasa kazeeka, anachechemea, mnataka atupwe? Mbwa wakubwa aina ya German Shepherd wakifika miaka 7 hivi wanahesabika wazee, na nyonga ndio ugonjwa wao. Ni baridi yabisi ile ile inayomsumbua bibi yako asubuhi. Ukiona mbwa anainuka kwa shida, hataki ngazi, analala kutwa, usiseme "uzee tu". Anaumwa.

Hoja ya "watu wanakosa dawa" naielewa kuliko wengi wenu. Mimi kwetu Songo Mnara, Kilwa. Mtu akizidiwa kisiwani anapanda boti hadi Kilwa Masoko, na mambo yakiwa makubwa ni basi tena, kama kilomita 300 mpaka Dar. Nauli peke yake inakutoa jasho. Lakini dada huyu alipoonyesha wigi la bei mbaya, nani alimkumbusha wagonjwa? Hakuna. Hela ya wigi sawa, hela ya mbwa dhambi?

Wengine wameleta dini. Kwetu pwani mate ya mbwa ni najisi, sibishi. Ila madrasa hiyo hiyo ilitufundisha habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Najisi ni jambo moja, huruma ni jambo lingine.

Na sisemi kila mtu akapige eksirei. Anza na daktari wa mifugo amshike viungo na amuangalie anavyotembea, picha ije ikihitajika. Kama kanenepa, mpunguze msosi, kwa sababu uzito ndio unaomaliza nyonga. Mtembeze kidogo kidogo, asilale kwenye sakafu ya saruji. Na tafadhali, usimpe dawa zako za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Kesi ngumu, Morogoro pale SUA kuna hospitali ya wanyama.

Wanaoniudhi mimi ni wale wanaonunua kitoto cha mbwa kwa ajili ya picha, au mbwa wa kulinda geti, halafu miguu ikigoma wanamfungulia mlango usiku aende zake. Kakulinda miaka minane, wewe umelala, malipo yake ndio hayo? Hata sheria haipo upande wako. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama kwa kumtelekeza si jambo la mchezo.

Ushauri wangu kwa wanaotaka mbwa ni mmoja: ukipiga hesabu ya kumnunua, piga na ya uzee wake. Chanjo, msosi, halafu miaka ile ya mwisho ambayo hatakimbia tena wala hatapendeza kwenye picha. Hesabu ikikataa, acha. Hakuna aliyekulazimisha.

Dada, lipa bili yako kwa raha zako. Nyie wengine shusheni komenti hapo chini. Ila ukija na "ni mbwa tu", kwanza tuambie yule mzee wa kwenu yuko wapi.